Mdeki: Ufito wa Bunduki na Neno Lake katika Uzaramo

Gobori ni chombo chenye viungo vichache, na kila kiungo kina jina lake katika Kiswahili. Lina tako, ambalo mpigaji huliegemeza begani. Lina mtambo, ambao hutoa cheche. Lina mtutu, ambao watu wa zamani waliuita pia kasiba au mwanzi. Na chini ya mtutu, ukiwa umechomekwa katika pete zake, upo ufito mrefu uitwao mdeki. Tako, mtambo na mtutu ni maneno yanayosikika hata leo. Mdeki umefifia kiasi cha kwamba msomaji wa siku hizi, akilikuta neno hili katika maandishi ya kale, huenda akalidhania kuwa jina la chombo cha kupigia deki sakafuni.

Kamusi ya Johnson, iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, hueleza mdeki kuwa ni ufito wa kushindilia bunduki. Maelezo hayo ni sahihi, walakini ni nusu ya jambo. Ufito ule ule ulioshindilia baruti ndio uliofungwa kitambaa kichwani na kutumiwa kuusafisha mtutu baada ya kupiga. Kazi hizi mbili zilikuwa za chombo kimoja, na ya pili haikuwa ndogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa gobori lisilosafishwa huacha kuwa bunduki na kuwa bomba la kutu. Kazi ya kwanza ilikoma zilipokuja bunduki za kutilia risasi kwa nyuma. Kazi ya pili haikukoma mpaka hivi leo. Basi swali ni hili: kwa nini neno lilizikwa pamoja na kazi iliyokufa, badala ya kubaki na ile iliyo hai?

Nchi inayofaa kuchunguzia jambo hili ni Uzaramo, yaani nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ambayo sasa imegawanyika katika wilaya za Kibaha, Kisarawe na jirani zake. Mkuza, upande wa Kibaha, iko karibu na barabara iendayo Morogoro. Kusini yake hupita reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ikipitia Pugu, Soga na Ruvu. Bonde la mto Ruvu, ambao wasafiri wa Kizungu waliuandika kwa jina la Kingani, lilikuwa njia ya misafara kabla ya reli na barabara. Burton na Speke walilifuata mwaka 1857. Katika ukanda huu mwembamba zilipita, moja baada ya nyingine, bunduki za biashara kutoka Unguja, bunduki za askari wa Kijerumani, za jeshi la Waingereza, na hatimaye za jeshi la nchi huru. Kila moja ilikuwa na ufito wake au kitu kilichoshika mahali pa ufito, na mpito wa moja hadi nyingine waweza kufuatwa bila ya kuhama mahali.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu *midakk*, jina la chombo kitokanalo na kitenzi *dakka*, maana yake kuponda, kusawazisha kwa kugonga, na pia kushindilia shehena katika bunduki. Neno hili limeingia katika Kiswahili kwa njia iliyo nyepesi kabisa, kwa sababu majina ya vyombo katika Kiarabu mara nyingi huanza kwa *mi-*, na Kiswahili kina ngeli yake ya *m-/mi-* ambamo miti na vitu vingi virefu hukaa. Msemaji wa pwani aliposikia *midakk* alisikia kiambishi alichokwisha kukijua. Hivyo ndivyo *miqass* ilivyokuwa mkasi na mikasi, *mismar* ikawa msumari na misumari, na *miswak* ikawa mswaki na miswaki. Kiambishi cha Kiarabu kimefanywa kuwa kiambishi cha Kibantu, wala hakuna aliyehisi kwamba ameazima kitu.

Mtu aweza kupinga kwamba neno huenda limetokana na kitenzi kingine, *daqqa* chenye *qaf*, ambacho nacho huhusu kutwanga, na ambacho ukoo wake umetupa dakika. Jibu limo katika irabu. Pale irabu fupi *a* ilipopakana na *qaf* au na konsonanti nzito, Kiswahili kimeelekea kuihifadhi: *miqass* imekuwa mkasi, na *qasaba*, yaani tete au bomba, imekuwa kasiba. Pale ilipokuwa na konsonanti nyepesi, mara nyingi imesogea mbele na kuwa *e*, kama ilivyo katika elfu kutoka *alf* na merikebu kutoka *markab*. Si kanuni isiyo na makosa, kwa maana samaki amebaki na *a* zake zote mbili. Lakini mkasi na mdeki ni maneno ya umbo moja kabisa, yaliyotofautiana kwa konsonanti tu, na tofauti ya irabu zake yaonyesha kwamba mdeki umetokana na *kaf*. Kwa hiyo asili ni chombo cha kushindilia, si mchi wa kutwangia. Ama *deki* katika kupiga deki, hilo ni neno la Kiingereza la sitaha ya meli, na halina udugu wowote na mdeki. Kufanana kwao ni kwa bahati, ingawa ni bahati yenye mzaha ndani yake, kwani yote mawili yamehusika na usafi.

Majirani wa mdeki katika bunduki hawakuja wote kutoka mahali pamoja. Bunduki na baruti zimepitia Kiarabu. Singe, yaani kisu kichomekwacho mdomoni mwa bunduki, imetoka India. Mzinga wa vita umepewa jina la mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa ndani, na hapana jina lililobuniwa vizuri kuliko hilo. Mwanzi wa bunduki ni tafsiri kamili ya kasiba, kwa maana yote mawili ni tete. Wasemaji waliutazama mtutu wakaona ndani yake mmea ule ule waliouona Waarabu. Kwa ufito peke yake haukubuniwa mwanzi wa Kibantu. Uliletwa na jina lake, na jina hilo likakaa.

Sasa kazi yake. Bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa jiwe, na bunduki ya fataki iliyoifuata, zote hujazwa kwa mdomoni. Baruti hupimwa na kumiminwa. Juu yake huwekwa kizibo cha kitambaa kikuukuu, makumbi ya nazi au nyasi kavu. Kisha risasi, na kizibo cha pili cha kuizuia isirudi. Kila tabaka hushindiliwa kwa mdeki. Risasi isipofika chini na kukaa juu ya baruti, mtutu waweza kupasuka, kwa hiyo mpigaji mwangalifu hutia alama katika mdeki wake ili ajue kina cha mtutu mtupu na kina cha mtutu uliojaa. Aliyelikuta gobori ukutani na asijue kama lina kitu ndani hakuwa na haja ya kuuliza. Alitumbukiza mdeki na kutazama alama. Ukilia kwa mlio wa chuma juu ya chuma, ni mtupu na ni safi. Ukitoa mlio mzito, pana kitu, ama shehena ama uchafu. Kwa hiyo mdeki ulikuwa pia kipimo.

Baruti nyeusi hufanywa kwa shura sehemu 75, makaa 15 na kibiriti upele 10 katika kila 100, au karibu na hivyo. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki moshi unaotoweka, bali hubaki kuwa masizi na chumvi, nyingi ikiwa chumvi za potasiamu. Masizi haya yalihesabiwa tangu mwanzo na mafundi wa bunduki. Bunduki kubwa ya Kiingereza ya karne ya 18, ambayo nakala na mabaki yake yaliuzwa kotekote Afrika, ilikuwa na tundu la karibu milimita 19, lakini risasi yake ilikuwa na kipenyo cha karibu milimita 17 na nusu tu. Nafasi ile iliyoachwa ilikuwa ni kwa ajili ya uchafu. Baada ya mapigo kadhaa uchafu huijaza nafasi, risasi hukataa kushuka, na mpigaji hulazimika kuusafisha mtutu au kuupigapiga mdeki kwa jiwe. Kwa maneno mengine, katika gobori haiwezekani kutenga kushindilia na kusafisha. Anayeshindilia katika mtutu mchafu anausafisha kwa nguvu, na anayesafisha anaandaa njia ya kushindilia.

Uchafu huu una hila nyingine. Chumvi zake huvuta unyevu wa hewa, na katika nchi ya pwani ambako hewa ni nzito karibu mwaka mzima, mtutu uliopigwa jioni na kuachwa waweza kuanza kushika kutu kabla ya asubuhi. Mafuta peke yake hayasaidii. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Mafuta huifunika tu, na kutu huendelea chini yake bila ya kuonekana. Dawa yake ni maji, na yafaa yawe ya moto, kwa sababu maji ya moto huyeyusha haraka na pia huupasha mtutu joto hata ukajikausha wenyewe. Baada ya hapo hupitishwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Mafuta ya nazi, ambayo kwa mtu wa pwani ndiyo yaliyo karibu, hufaa kwa joto la Kibaha na Kisarawe, ila hayafai kuachwa muda mrefu, maana huchacha na uchachu wake hula chuma. Mambo haya yalijulikana kwa vitendo kabla ya kuelezwa na wanakemia, na mtu asiyejua kusoma aliweza kuyajua barabara kama afisa wa jeshi.

Ama ufito wenyewe ufanywe kwa nini? Hapa historia ya Ulaya ina mchango. Mpaka mwanzo wa karne ya 18 mideki ya majeshi yalikuwa ya mti, nayo yalivunjika mara kwa mara katika haraka ya vita. Waprusia walianza kutumia ya chuma katika nusu ya kwanza ya karne hiyo, na wengine wakafuata. Bunduki za biashara zilizofika Unguja zilikuja ama na ya chuma ama ya mti, kwa kadiri ya bei yake. Mdeki wa chuma haukatiki, lakini ni mzito na hukwaruza mdomo wa mtutu. Wa mti ni laini kwa mtutu, ila hupinda ukilowa, na ukivunjika ndani ni balaa. Tena mti una aibu isiyoonekana kwa macho: mchanga na vumbi la kutu huzama katika nyuzi zake, na ufito laini ukageuka kuwa tupa. Aliyepoteza mdeki wake porini alikata mwingine kutoka mti wenye fito nyoofu, akaukausha na kuunyoosha kwa moto, na kazi ikaendelea. Kwa mtutu usio na mifuo hasara ilikuwa ndogo. Gobori la kupigia kwa hatua 40 haliharibiki shabaha kwa mkwaruzo mmoja.

Mtu aweza kuuliza kwa nini magobori yalidumu Uzaramo wakati bunduki bora zilikwisha kuwako. Jibu si ujinga wala uchaguzi. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, aliionya serikali yake kwamba silaha zinazoingia Afrika ya Mashariki ni nyingi mno, na kwamba mataifa ya Ulaya yatakuta wenyeji wameshika bunduki za kisasa. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, ulitiwa saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unakumbukwa kwa vifungu vyake vya kuzuia biashara ya watumwa, na ni haki ukumbukwe hivyo. Lakini vifungu vyake vya silaha viliigawa teknolojia kwa rangi ya mtu. Katika eneo kubwa la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, bunduki zenye mifuo na risasi zake zilizuiwa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu wachache waliopewa idhini. Kilichoweza kuuzwa kwa Mwafrika wa kawaida ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo mdeki wa kushindilia uliendelea kuishi Uzaramo kwa amri ya mkutano uliokaa Ulaya, miongo kadhaa baada ya kufa katika nchi zilizoutunga mkataba.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai viligusa Uzaramo vilevile, ambako chuki ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa ilikuwa imekwisha kujaa. Jumbe Kibasila wa Kisangire alinyongwa na Wajerumani kwa sehemu aliyohesabiwa kuwa nayo. Waliopigana walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Mpigaji wa gobori aliyezoea aweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama, kwa sababu kushindilia ukiwa umelala chini ni shida kubwa. Askari mwenye Mauser ya mwaka 1871 alitia risasi kwa nyuma akiwa amelala, na kando yake palikuwa na bombomu, bunduki ambayo jina lake ni sauti yake. Dawa ya maji iliahidi kwamba risasi zitageuka maji. Wanahistoria wameandika mengi juu ya imani hiyo, na si lazima kuyarudia hapa. Linalostahili kuongezwa ni kwamba tofauti kati ya pande mbili ilikuwa, kwa hesabu ya mkono, ni muda wa kuuchomoa mdeki, kushindilia na kuurudisha.

Lakini bunduki ya askari nayo ilikuwa na utumwa wake. Mauser ya 1871 ilitumia baruti nyeusi, na mtutu wake ulikuwa na mifuo. Masizi yale ambayo katika gobori hupunguza nafasi tu, katika mtutu wenye mifuo hujaza vijito vyenyewe, na risasi hukosa kuzunguka. Vita vilipoanza mwaka 1914 sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani wa nchi hii walikuwa bado wameshika bunduki hizo, na moshi wake uliwafichua kwa adui. Mwezi wa Aprili 1915 meli Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na kuleta bunduki za namna mpya karibu 1,800. Ikashambuliwa, ikazama nusu, na risasi zilizookolewa zikawa zimelowa maji ya bahari, hata zikabidi kufunguliwa na kukaushwa moja moja. Chumvi ilikuwa adui wa pande zote.

Katika Ulaya mifuo yenyewe ilikuwa imebadilishwa kwa ajili ya usafi. Bunduki ya Kiingereza ya mwaka 1888 ilikuwa na mifuo ya Metford, yenye kina kidogo na kingo za mviringo, iliyobuniwa hasa ili masizi ya baruti nyeusi yasipate pa kujificha na ufito uyafikie kwa urahisi. Ilipokuja baruti isiyo na moshi, joto lake liliila mifuo hiyo kwa muda mfupi, na mwaka 1895 ikabadilishwa kwa mifuo ya Enfield, yenye kina zaidi. Mara chache chombo kikubwa kimetengenezwa kwa kumfuata mfagiaji wake namna hii.

Waingereza na washirika wao waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na kwa bunduki yao ufito ulitoweka kabisa chini ya mtutu. Badala yake, ndani ya tako, nyuma ya kifuniko cha shaba, mlikuwa na kichupa cha mafuta na kamba yenye kipande cha madini kizito upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Kipande kizito hudondoshwa kutoka nyuma kikatokea mdomoni, kitambaa hutiwa katika kitanzi, na kamba huvutwa. Katika kitanzi kingine huweza kutiwa kipande cha wavu wa waya kwa uchafu mkaidi. Chombo hiki ni chepesi, hakivunjiki, na huwekwa mfukoni. Kina ubaya mmoja: askari mvivu huivuta kamba kwa upande badala ya kuinyoosha, na kamba yenye vumbi hukata mfuo wa uongo katika mdomo wa mtutu. Bunduki iliyokatwa hivyo hukosa shabaha ingawa ndani hung'aa kama kioo. Kwa sababu hiyo katika maghala ya silaha ufito haukuachwa kamwe. Kamba ni ya safari, ufito ni wa nyumbani.

Hapo ndipo neno lilipopata pigo. King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, lilikuwa na Kiswahili chake kilichoitwa Kikeya, kilichojaa maneno ya Kiingereza na amri fupi fupi. Askari aliyeingia humo alikabidhiwa kamba, si ufito, na mkufunzi wake alikuwa Mwingereza aliyejifunza Kiswahili cha kambini. Mdeki lilikuwa neno la mzee wa kijijini mwenye gobori. Kusafisha bunduki kukawa jambo la jeshi lenye maneno ya jeshi. Kushindilia kukabaki jambo la shamba. Kamusi ya 1939 iliandikwa katika hali hiyo. Watungaji wake hawakukosea kusikia, bali walisikia neno likiwa limekwisha kusukumwa upande mmoja.

Maneno jirani yamepata bahati nyingine, na yenye kuchekesha. Gumegume, bunduki ambayo jiwe lake hutoa cheche leo na kesho likagoma, limekuwa jina la mtu asiye na faida. Mume gumegume hajui jiwe wala baruti, lakini kila mke aelewa maana. Fataki, kofia ndogo ya kuwashia, kwanza ikawa baruti za kuchezea za sikukuu, na katika miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii, kwa nguvu ya tangazo la redio Tanzania, ikawa jina la mwanamume mzima anayewafuata wasichana wa shule. Kushindilia husemwa kwa magunia, kwa nguo sandukuni na kwa mlaji asiye na kiasi. Viungo vya mtambo vimegeuka kuwa watu, na kitendo cha mdeki kimesambaa kote. Mdeki wenyewe haukupata sitiari ya kuuokoa. Neno lisilo na sitiari hutegemea chombo chake, na chombo kikiondoka huondoka nacho.

Chombo, hata hivyo, kilirudi. Kikosi cha KAR cha nchi hii kilikuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, na baada ya maasi ya Januari 1964 liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Miongoni mwa silaha zake zimekuwa bunduki za Kichina za aina ya 56, zilizofuata umbo la Kalashnikov. Bunduki hiyo ina ufito wa chuma uliochomekwa chini ya mtutu, mahali pale pale ulipokaa mdeki wa gobori. Kwa kuwa nyuma ya mtutu pamezibwa na mwili wa bunduki, ufito huo huingizwa kwa mdomoni, sawasawa na mdeki, na sanduku dogo la vifaa vyake lina kifuniko chenye tundu kinachowekwa mdomoni ili ufito upite katikati bila ya kukwaruza kingo. Hatari ambayo mzee wa gobori aliipuuza, kwa kuwa mtutu wake haukuwa na mifuo, imepatiwa kinga ya kitundu kimoja.

Elimu ya kuchagua ufito imeongezeka tangu hapo, ingawa misingi yake si mipya. Panapowezekana ufito huingizwa kwa nyuma, kwa sababu ukingo wa mdomoni ndio unaoiaga risasi na jeraha lake hupotosha shabaha kuliko jeraha la mahali pengine popote. Ufito wa kipande kimoja hushinda wa kuunganishwa, kwa kuwa viungo hupinda na kukwaruza. Chuma kigumu kilichong'arishwa hakishiki mchanga. Shaba ni laini kwa mtutu lakini mchanga huzama ndani yake kama katika mti, na yataka kupanguswa kila mara. Kwa mtutu wenye mifuo mshikio lazima uzunguke wenyewe, ili kitambaa kiifuate mifuo badala ya kuiruka. Maji ya moto nayo hayakustaafu pamoja na baruti nyeusi. Fataki za risasi nyingi za kijeshi, zikiwamo za .303 zilizotumiwa na KAR, zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi, chumvi iliyo ndugu wa chumvi ya jikoni. Askari aliyepaka mafuta tu aliamka na kutu ile ile ya mwenye gobori.

Kwa upande wa istilahi, basi, pana njia mbili. Ya kwanza ni kutunga jina jipya la ufito wa kusafishia, ama kuutafsiri Kiingereza neno kwa neno, ama kuuacha ukiitwa fimbo au waya kwa kadiri ya msemaji. Ya pili ni kulifungua kingizo la mdeki na kulipa maana yake kamili: ufito wa bunduki, wa kushindilia shehena katika bunduki ya kujazia mdomoni, au wa kusafishia mtutu wa bunduki yoyote. Palipo na haja ya kupambanua, mdeki wa kushindilia na mdeki wa kusafishia vinatosha.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba njia ya pili inaisaliti asili, kwa kuwa *midakk* ni chombo cha kuponda na kusafisha si kuponda. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama lugha ingeishi kwa asili. Kalamu ilikuwa tete, na leo ni ya plastiki. Isitoshe, mdeki haupewi maana ya kigeni. Unarudishiwa kazi ambayo mkono wa mwenye gobori haukuacha kuufanyisha, iwe jirani wa Mkuza, Kisarawe au Ruvu, kila jioni aliporudi porini, akafunga kitambaa kichwani mwa ufito ule ule, na kuinjika maji motoni.